Matairi Mawili Niliyoyafunga Kinyume

Kazi ya matairi mume wangu na mimi tuliigawana kama watu wanavyogawana kitanda: yeye upande wake, mimi upande wangu, na hakuna aliyemwingilia mwenzake. Gari likiingia bandani kwetu Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, yeye alikwenda kulia, mimi kushoto. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga. Dereva hukaa kulia, na mume wangu alipenda maneno. Anafungua nati huku anamuuliza dereva habari za Tunduma, foleni ya mizani ikoje, tembo leo wamevukia wapi. Mimi na maneno ya wateja ni mbali na mbali. Upande wa kushoto anakaa utingo, na utingo muda wote amelala. Basi upande huo ulinifaa.

Kila mmoja alikuwa na jeki yake, spana yake na mitalimbo yake ya kubandulia tairi. Tulianza pamoja tukamaliza pamoja, na katikati hapo tulisikilizana tu, gari likiwa baina yetu. Akigonga rimu mara ya pili nilijua tairi lake limeng'ang'ania. Mimi nikikohoa, anauliza kutoka kule, "Vumbi?" Najibu, "Vumbi." Yalikuwa ndiyo mapenzi yetu hayo, kama kuna mtu anataka kuyajua. Wengine wananunuliwa vitenge, mimi niliulizwa vumbi, na sikuona nimepunjwa.

Alifariki asubuhi moja nyumbani, ghafla, anasubiri chai. Ndugu zake wakaja, tukamzika kwao Masanze, Kilosa, na eda nikaikalia huko huko kwa wakwe. Sina la kuwasema. Walinilisha, walinitunza, hakuna aliyenitazama kwa jicho baya. Lakini jamani, eda ni ndefu. Uko ndani, unasikia wenzako uani wanazungumza mpunga na mahindi, nani kapalilia, nani ng'ombe wa wafugaji wamemwingilia shambani, na wewe shamba lako pekee ni rundo la matairi lililoko Mikumi. Jua likizama Masanze inanyamaza kabisa. Mimi nimezoea malori yanayonguruma mpaka alfajiri. Nilikosa usingizi kwa kukosa kelele, nani atakuelewa ukimwambia hivyo?

Nikitaja kwetu, nataka nieleweke. Sisi ni watoto wa mkonge. Baba yangu aliletwa wilaya hii kukata mkonge, akafa bila kurudi alikotoka, nasi huko hatukuoneshwa. Mtoto Mungu hakutujalia, mume wangu na mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia "rudi kwenu" natazama huku na huku kama kuku aliyehamishiwa banda jipya. Kwetu ni pale: nguzo nne, mabati, mashine ya upepo, na matairi makuukuu ambayo nyani wa mbugani hupenda kuyakalia kama wenye mali. Eda ilipokwisha niliwaaga wakwe, nikasema nakwenda Mikumi kuangalia vitu. Nikafika, nikafungua banda, sikurudi.

Simu zikaanza. Aliyepiga ni shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, na kwao yeye akisema limesemwa. "Shemeji, hapo unakaa na nani?" Nakaa na Mungu. "Chumba chako huku tumeshakipaka chokaa." Nashukuru, shemeji. "Mwanamke peke yake, kando ya barabara ya malori, kazi yenyewe ya mitalimbo. Watu hawatakusema wewe, watatusema sisi." Walitaka banda lipangishwe mtu mwingine, mimi nikalime na wenzangu Masanze. Na hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililonichosha. Ukigombezwa na mtu mbaya unamjibu. Ukigombezwa na mtu anayekuonea huruma utamjibu nini?

Mwisho akasema atakuja aone kwa macho yake. Akikuta kazi naiweza, ataniacha na atawanyamazisha ndugu. Akikuta imenishinda, tunafunga banda siku hiyo hiyo tunaondoka wote. "Tumeelewana, shemeji?"

"Tumeelewana, shemeji."

Sitaki kudanganya, upweke wa Mikumi ulikuwa mkubwa. Nilikuwa naweza kukohoa chini ya gari, halafu nikajikuta nimetega sikio, nimesubiri. Jioni nilikuwa nachelewa kufunga makusudi kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniambia nimechelewa. Lakini upweke wa pale tulikuwa wawili, mimi na pale alipokuwa anasimama mume wangu. Wa Masanze ungekuwa wangu peke yangu. Ndiyo maana niling'ang'ania, si kwa ubishi kama walivyosema mawifi, ingawa ubishi pia ninao.

Shemeji alikuja na basi la asubuhi kutoka Kilosa, kanzu na kofia kama anakwenda kuposa, mkononi mfuko wa mchele. Mchele! Mtu amekuja kunihamisha halafu ananiletea mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali, nikasema nzuri, akazungusha macho bandani, mabati, nguzo, nyani mmoja juu ya rundo anajikuna tumbo. Nikampa kiti. Akakibeba mwenyewe, akaenda kukiweka penye kivuli, upande wa kulia wa pale gari linaposimama. Pale pale. Nilitaka kumwambia asikae hapo, badala yake nikammiminia chai.

Chai yake haijapoa, likaingia lori dogo limebeba gari mgongoni. Gari lenyewe kituko. Fupi, tumbo karibu liguse chini, ndani wameng'oa kila kitu wamebakiza kiti cha dereva tu, na mabomba ya chuma yamekizunguka kama tenga la kuku. Mlangoni limechorwa namba kubwa. Wakashuka vijana wawili, watu wazima wenye ndevu zao, lakini kwangu mimi ni vijana. Mmoja ndiye dereva wa hilo gari, mwenzake ndiye aliyekuwa anaendesha lori.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo gari linaumwa nini mpaka libebwe?"

Dereva akacheka. "Haliumwi, mama. Hili halitembei barabarani. Ni la mashindano, linakimbizwa kiwanjani tu, linazunguka."

"Linazunguka linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Linarudi lilipoanzia."

"Makubwa haya," shemeji akasema kutoka kitini, "madogo yana nafuu."

Walikuwa wanatoka Dar, wanakwenda Iringa, kesho yake wana mashindano. Matairi mapya manne walikuwa nayo kwenye lori. Fundi waliyemtegemea Iringa alikuwa amesafiri, na mtu mmoja njiani aliwaelekeza kwetu. "Tumeambiwa hapa kuna mzee anafunga rimu za bei kali bila kuzikwaruza. Tumemkuta?"

Nikatazama chini. Shemeji naye akatazama kikombe chake.

"Mzee ametangulia," nikasema.

"Oh! Pole sana, mama." Wakatazamana. Yule wa lori akaanza kujikuna kisogo, akasema basi labda wasogee tu, Iringa hawawezi kukosa mtu. Nikamwona shemeji anainua macho kunitazama nitafanyaje.

"Shusheni gari," nikawaambia. "Au mmekuja kuniamkia tu?"

Wakashusha. Hapo niseme kidogo habari za matairi, maana asiyejua hataona nilipojikwaa. Matairi mengi hayana mbele wala nyuma. Ya malori, ya pikapu, lifunge utakavyo, litakwenda. Lakini yapo mengine yamechorwa mshale ubavuni, na kashata zake, yale makato ya tairi yanayokamata barabara, zimekatwa kwa mshazari zikakutana katikati kama miguu ya kuku. Hayo yana mwelekeo. Gari likienda mbele, mshale nao lazima uende mbele. Hapo yanayatupa maji pembeni. Ukiyafunga kinyume, kwenye kavu yatakwenda na hutajua, lakini njia ikilowa yanayavuta maji chini yake, gari linapanda juu ya maji, na dereva anabaki ameshika usukani usiomsikiliza. Matairi ya vijana wale yalikuwa na mshale. Nami tangu nifungue banda baada ya eda nilikuwa nimefunga ya malori na pikapu tu.

Nikaanza kushoto, kwangu. La mbele, la nyuma. Nilifanya taratibu, vitambaa chini ya mitalimbo rimu isichubuke, sabuni ya kutosha mdomoni mwa tairi, mashine ya upepo ikakohoa ikashika. Dereva alikuwa na simu sikioni, mwenzake amekaa na shemeji wanaulizana mambo ya mvua. Nikahamia kulia. Shemeji akavuta kiti nyuma kunipisha. Nilisikia macho yake mgongoni. Nikajiambia, leo ataona. Nikalaza rimu, nikapachika tairi, nikajaza, nikafunga nati. Nikamaliza la nne jasho linanichuruzika.

Dereva akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kila rimu. "Mama, hata alama!"

"Ulitaka alama?"

Akacheka, akaingia kwenye tenga lake, akaliwasha gari. Mlio ule, nyani wote wakakimbia. Akaliendesha uani mpaka kwenye mbao za lori, likapanda. Wakauliza wapi watapata chakula kizuri, nikawaelekeza kwa mama mmoja anayekaanga kuku, mwisho wa mji kuelekea Iringa. Wakaaga kwa heshima zote.

"Kumbe," shemeji akasema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe hukuwa unatudanganya." Akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani ulikuwa unamshikia taa tu. Niongeze chai ya moto, nikimaliza nikuambie neno langu. Usiogope, ni jema."

Jamani! Nilitaka kucheka, nilitaka kumkumbatia mzee wa watu na kanzu yake. Nikammiminia, na kwa kuficha uso nikachukua ndoo, nikaanza kunyunyizia maji uani ili nifagie. Ndipo nikaona alama za yale matairi kwenye vumbi.

Gari lilikuwa limetoka bandani kwenda kwenye lori, likaacha mistari miwili mirefu. Mstari wa kushoto, miguu ya kuku yote inatazama barabarani. Mstari wa kulia, miguu ya kuku yote inatazama bandani. Kama kuku wawili waliopishana, mmoja anatoka, mwingine anarudi. Gari moja hilo. Nikasimama na ndoo. Nikaangalia mikono yangu. Nikalaza rimu isiyokuwepo, hewani hivi, nikapachika tairi lisilokuwepo, na mikono ikaonesha yenyewe ilichofanya. Miaka yote mikono hii inajua jambo moja: rimu ikilala uso juu mbele yangu, mshale ulio juu ukimbilie mkono wangu wa kushoto. Kwa upande wa kushoto wa gari ndivyo inavyotakiwa. Kwa upande wa pili ni kinyume chake. Nami matairi yote manne niliyafunga kama ya kushoto. Ya kulia yenye mshale sikuwahi kuyafunga hata siku moja katika maisha yangu. Yalikuwa na mwenyewe.

Nikageuka kumtazama shemeji. Anapuliza chai. Hajui lolote, mkulima wa watu, alama za matairi kwake ni alama za matairi. Ningefagia tu. Fagio nilikuwa nalo. Ningefagia, angemaliza chai, angesema neno lake jema, angepanda basi, na mimi ningebaki kwangu. Vijana wale wangekwenda, wangezunguka wanavyozunguka, na jua likiwaka hakuna ambaye angejua. Nikatazama upande wa Iringa. Kulikuwa na wingu, si kubwa, lakini lilikuwepo, na ulikuwa wakati wa mvua za vuli. Nikajiambia, wingu hilo litapita. Nikajiambia tena, likipita. Halafu nikamwona yule kijana ndani ya lile tenga lake, ameshika usukani. Nikatukana, tusi ambalo sitaliandika hapa.

"Shemeji, nimekosea," nikamwambia. "Matairi mawili nimeyafunga kinyume. Nawafuata."

Kikombe kikasimama katikati ya njia ya mdomo. "Umeyafungaje?"

"Kinyume! Mbele nyuma! Nisubiri hapa."

Namba yao ya simu sikuwa nayo. Nikasimamisha bodaboda, nikapanda na mafuta yangu mikononi, nikamwambia yule dereva wa boda akimbie. Akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia kimbia.

Niliwakuta wanakula. Lori liko nje, gari juu yake, na hapo hata kwa mbali mtu anayejua angeona, tairi la kulia limevaa kama mtu aliyegeuza shati. Nikaenda mpaka mezani kwao, sikuamkiwa wala sikuamkia. "Wanangu, nimewafungia vibaya. Ya kulia yote mawili. Rudini niyageuze."

Dereva akafuta mkono, akatoka nje, akachungulia, akapiga mluzi. Nilingoja matusi. Akaanza kucheka! "Mama, umenitisha bure. Mbona sisi wenyewe wakati mwingine tunayageuza makusudi? Tairi likiliwa upande mmoja kwa kukata kona, unaligeuza liliwe na upande wa pili. Kwenye kavu halina neno."

"Makusudi ni makusudi," nikamwambia kwa hasira, "na kukosea ni kukosea. Mvua ikinyesha je?"

Akatazama lile wingu kama mimi nilivyolitazama. "Mvua ikinyesha," akasema, "haya mawili yanashika, haya mawili yanateleza. Nitazunguka kama pia." Halafu akanigeukia, bila ubaya wowote, anataka kujua tu. "Lakini, mama, kushoto umefunga vizuri kabisa. Kwa nini ya kulia tu?"

Swali dogo, jamani. Nilikuwa sijajiuliza mwenyewe kwa maneno. Nilifungua mdomo nikamjibu kijana nisiyemjua, mbele ya watu wanaokula kuku. "Upande ule haukuwa wangu," nikasema. "Ulikuwa wa mzee."

Akamwita mwenzake, wakaacha chakula chao hapo hapo mezani. "Twende, mama."

Tulirudi, wakashusha gari tena, na shemeji safari hii hakuwa na chai. Alikaa wima. Nikapiga jeki upande wa kulia, nikatoa nati. Na hapo, wallahi, nikawa kama mwanafunzi. Kila hatua nilisimama. Mshale ukimbilie wapi? Mkono wa kulia. Mkono wangu wa kulia ni upi? Nilikuwa nalaza tairi, nachungulia, nalitoa, nalilaza tena. Mtalimbo uliniponyoka ukaniparua kiganja. Shemeji akainuka, akakunja mikono ya kanzu, akataka kushika. Nikamwambia, "Kaa, shemeji, tafadhali." Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Akakaa. Nilimaliza la mbele, nikamaliza la nyuma, nikazunguka gari zima nikigusa kila mshale kwa kidole na kusema kwa sauti, "Mbele. Mbele. Mbele. Mbele." Walinitazama kama kichaa, waache wanitazame.

Vijana walipoondoka nikakaa juu ya tairi. Nilijua imekwisha. Nikaanza kuhesabu kichwani nguo zangu zitaingia mifuko mingapi.

"Sasa nikawaambie nini wenzangu?" shemeji akaniuliza. "Kazi imekushinda au haikukushinda?"

"Waambie nilikosea nikatengeneza. Basi."

"Mimi ningenyamaza."

"Najua. Hata mimi nusura ninyamaze."

Lori likapita, jingine likapita. Halafu akaniuliza, "Mdogo wangu alikuwa anafanyia upande upi?"

"Huo uliokaa."

Akainuka kitini kama ameungua. Akakichukua kile kiti, akakihamisha mpaka nje ya banda, juani, akakaa huko na kanzu yake nyeupe, jua linampiga usoni. Mpaka basi la Kilosa lilipokaribia hakurudi kivulini. Alipoinuka kwenda kituoni akaniambia bila kunitazama, "Banda usilifunge. Nitawaambia ndugu unaliweza. Na ule mchele upike, usiuache panya waule."

Nikamjibu "Inshallah, shemeji," nikamsindikiza, nikarudi. Nilipata nilichokuwa nakitaka. Nilipika mchele wenyewe, mzuri, wa Kilosa, unanukia mpaka kwa jirani.

Baada ya hapo nikajifunza upande wa kulia. Hakukuwa na wa kunifundisha, nikawa najifundisha mwenyewe na kumuuliza yeye. Ndiyo, namuuliza marehemu. Likija gari lenye matairi ya mshale, namaliza kushoto, nazunguka, nalaza rimu, nasema polepole, "Hivi?" Nangoja kidogo. Halafu naendelea. Nilikuwa nikisema hivyo kila mara, na wateja wakidhani nasali. Sikuona tabu. Ilikuwa ni muda mfupi tu, pumzi mbili, lakini katika hizo pumzi mbili nilikuwa na mtu.

Vuli ikapita, masika yakapita. Siku moja, mchana, ikaja familia inakwenda Mbeya kwenye harusi, gari dogo, matairi yenye mshale, wanataka kubadilisha yote. Watoto wanalia joto, mama mtu analalamika watachelewa. Nikaingia kazini. Baba mtu alibaki kwenye usukani mlango wazi, nami huku nafungua nati namuuliza huko Morogoro mvua vipi, barabara ya Mbeya kuna matengenezo bado, hiyo harusi mtoto wa nani anaolewa. Akanichekesha, nikamchekesha. Nikafunga, nikajaza upepo, nikawatakia safari njema, wakaenda.

Nikawa nafuta mikono. Nikakumbuka kuangalia alama kwenye vumbi, kama kawaida yangu. Mistari miwili, miguu yote inatazama barabarani. Sawasawa. Nikafurahi, nikageuka nikaweke spana mahali pake, ndipo nikagundua sikumuuliza. Nilizunguka nikapita mahali pake, nikasimama mahali pake, nikasema maneno yake na dereva, mikono ikaenda yenyewe, na sikumuuliza. Hata kumkumbuka sikumkumbuka.

Nilirudi pale upande wa kulia nikasema, "Hivi?" Nikangoja. Hakukuwa na kitu. Palikuwa mahali tu, sakafu yenye mafuta. Nilisema tena kwa nguvu, kama mjinga. Nikakaa chini hapo hapo, nikaangusha kilio ambacho Masanze, siku ya mazishi, mbele ya wilaya nzima, sikukiangusha.

Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara alinisikia. Akavuka mbio, kikapu mkononi, akidhani jeki imeniangukia. "Mama, nini? Umeumia wapi?"

"Mume wangu amefariki," nikamwambia.

Akanitazama, masikini. "Lakini mama, si tulishakupa pole siku nyingi?"

"Hapana," nikasema. "Ni leo."

Akaweka kikapu chake chini, akakaa na mimi.